Kumhesabu Kallis

Tangazo lilitoka siku ya Krismasi ya mwaka 2013: Jacques Kallis, mchezaji wa kriketi wa Afrika Kusini, angecheza mechi moja tu zaidi ya Testi, yaani ya siku tano, ile ya Durban dhidi ya India iliyokuwa inaanza kesho yake, kisha angeachana na kriketi ya siku tano na kubaki na ile ya siku moja. Kwa watu wengi wa Moshi habari hiyo haikuwa habari. Krismasi huku kwetu ni msimu wa magari yanayopanda kutoka Dar es Salaam, wa mbege na vikao vya ukoo, na anayetaka kuzungumzia kriketi inambidi awatafute wenzake mmoja mmoja. Sisi tulikuwa watatu. Mjomba wangu, mhasibu mstaafu aliyeujua mchezo huu alipokuwa kijana Nairobi, bado anajaza daftari la alama kwa kalamu za rangi mbili. Mwingine alikuwa mfanyabiashara wa vipuri vya magari pale mjini, mzaliwa wa Moshi kama baba yake, ambaye huishangilia India bila kumwomba mtu radhi. Wa tatu nilikuwa mimi, niliyekuja kutoka Arusha kwa sikukuu, na ambaye kwa Kallis sijawahi kujifanya sina upande.

Mjomba ndiye aliyetupa swali, kabla hata mpira wa kwanza haujarushwa: huyu bwana, akishaondoka, atadaiwa na timu au timu itadaiwa naye?

Nambari zenyewe hazina ubishi. Mechi 166 za Testi, mikimbio 13,289 kwa wastani wa 55.37, mara 45 alizofikisha mia, wiketi 292 (yaani wapigaji aliowatoa kwa kurusha) kwa wastani wa 32.65, na mipira 200 aliyodaka, mingi akiwa amesimama pembeni ya mlinda wiketi, mahali ambapo mpira hufika kabla mtu hajawahi kufikiri. Katika mechi za siku moja alikuja kumaliza na mikimbio 11,579 na wiketi 273. Hakuna mwingine aliyevuka mikimbio 10,000 na wiketi 250 katika aina zote mbili za mchezo. Mtu akisoma mistari hiyo anaweza kudhani kwamba mjadala umekwisha, lakini kwa mjomba ndipo ulipoanzia, maana mhasibu hatishwi na jumla kubwa. Anachotaka kujua ni jinsi ilivyopatikana.

Iko hesabu moja ambayo wapenzi wa kriketi huitumia kuwapima wachezaji wa aina hii, wanaopiga na pia kurusha, ambao kwenye soka letu tungewaita viraka. Wastani wa mpigaji ni mikimbio anayoipata kwa kila mara anapotolewa, kwa hiyo ukiwa mkubwa ni sifa. Wastani wa mrushaji ni mikimbio anayoitoa kwa kila wiketi anayoipata, kwa hiyo ukiwa mdogo ndiyo sifa. Unachukua wa kwanza, unautoa wa pili, na kinachobaki kinasemekana kuwa ndiyo faida ya mchezaji. Garfield Sobers wa West Indies anabaki na 23.75. Kallis anamfuata kwa karibu sana akiwa na 22.72. Imran Khan wa Pakistan anabaki na 14.88, Ian Botham wa Uingereza na 5.14, na Andrew Flintoff, ambaye Waingereza walimbeba mabegani mwao kama shujaa wa vita, anaangukia chini ya sifuri kwa mkimbio mmoja na ushee.

Mjomba anaidharau hesabu hii, na katika hilo nakubaliana naye kuliko anavyopenda kusikia. Aliyeutazama mfululizo wa Ashes wa mwaka 2005, kati ya Uingereza na Australia, ambapo Flintoff alipata mikimbio 402 na wiketi 24, hawezi kukubali kwamba timu ile ilikuwa inapata hasara kwa kumchezesha. Tena hesabu ya kutoa haiulizi kazi imefanyika mara ngapi. Imran alikuwa anapata wastani wa wiketi nne na kidogo kwa kila mechi, Botham karibu nne, Sobers mbili na nusu. Kallis hakufikisha hata mbili, kwani ukizigawa wiketi zake 292 kwa mechi 166 unapata 1.76. Aliyerusha kidogo na aliyerusha mchana kutwa wanawekwa kwenye mzani mmoja kana kwamba wametoka jasho sawa.

"Mpwa wangu," mjomba alisema akigonga daftari lake kwa kidole, "huyo ni mpigaji anayerusha siku akiombwa. Usimweke chumba kimoja na Imran."

Shtaka lake la pili lilikuwa zito zaidi, na ndilo ambalo lilimfuata Kallis katika maisha yake yote ya uchezaji: kwamba alipiga polepole, kwamba alikuwa anailinda nafsi yake wakati timu inataka mikimbio ya haraka. Mjomba alilipeleka shtaka hilo moja kwa moja kwenye Kombe la Dunia la mwaka 2007, pale St Kitts, ambapo Australia ilipiga 377 na Afrika Kusini ikawa inaifukuzia vizuri mwanzoni, kisha Kallis akapata 48 kwa mipira 63 na timu ikaishia kushindwa kwa mikimbio 83. Siwezi kuitetea zamu ile ya kupiga. Unapofukuzia zaidi ya mikimbio saba kwa kila ova, yaani kila mipira sita, mtu anayepata mikimbio mitatu kwa kila mipira minne anawaachia wenzake deni, na wenzake siku ile hawakuwa na cha kulilipia.

Ila kosa la siku moja lisivutwe hadi kwenye mchezo wa siku tano, ambao una mahitaji mengine kabisa. Kule muda ni mali ya kutumiwa. Mwaka 2012 pale The Oval, London, Afrika Kusini ilipiga 637 kwa kupoteza wiketi mbili tu, Hashim Amla akiwa na 311 na Kallis na 182, wote wawili hawajatolewa, na Uingereza ikachoshwa hadi ikapigwa kwa zamu nzima na mikimbio 12, yaani zamu zake mbili zilipungukiwa mikimbio 12 kuifikia zamu moja ya Afrika Kusini. Alipofikisha mia siku ile Kallis alionyesha kidole kwenye jicho lake, kwa ajili ya rafiki yake Mark Boucher ambaye jicho lake lilikuwa limeumizwa vibaya mwanzoni mwa ziara hiyo na kumlazimisha kustaafu. Upigaji ule wa polepole ndio ulioleta ushindi. Na kama kuna anayeamini kwamba Kallis alikuwa mkusanyaji wa mikimbio asiyeshinda chochote, na aeleze ilikuwaje akatangazwa mchezaji bora wa mechi mara 23 katika Testi, idadi ambayo hakuna mwingine aliyeifikia, si Muralitharan wa Sri Lanka, si Warne wa Australia, si Tendulkar wa India.

Mjomba aliiandika hiyo 23 pembeni mwa ukurasa bila kusema neno. Ndiyo tabia yake akipata hoja ambayo hana jibu lake kwa wakati huo.

Hata hivyo, mimi sitaki kumtetea Kallis kwa mara 23, wala kwa wastani wake. Hoja yangu iko kwenye karatasi ya majina kumi na moja ambayo nahodha huipeleka asubuhi ya siku ya kwanza. Kwenye kriketi ya siku tano kila nahodha ana njaa mbili ambazo hawezi kuzishibisha zote. Anataka wapigaji sita au saba wa kweli, ili asiumbuke mpira ukiwa mpya na uwanja ukiwa na unyevu. Na anataka warushaji watano wa kweli, ili katika joto la mchana, ova zikiwa zimefika themanini, asilazimike kumrudisha mtu ambaye miguu yake imekwisha. Ongeza mlinda wiketi, na hesabu tayari imezidi kumi na moja. Nahodha wa kawaida anachagua wapi pamuume. Graeme Smith, katika miaka yote aliyomwongoza Kallis, hakuchagua: alikuwa na mpigaji wa tatu au wa nne aliye miongoni mwa bora duniani, na mtu huyohuyo alikuwa mrushaji wake wa nne au wa tano, mwenye kasi ya kutosha na uwezo wa kuupinda mpira.

Ndiyo maana ile 1.76 hainisumbui. Warushaji wa kasi wa timu hiyo, Dale Steyn, Morne Morkel na Vernon Philander, walirusha kwa nguvu walizorusha kwa sababu walijua kuna mtu wa kuwapumzisha ambaye hatagawa mikimbio kama karanga. Kallis alirusha zaidi ya mipira 20,000 katika maisha yake ya Testi, sawa na ova ishirini kwa kila mechi, na hizo ova ishirini zilikuwa zinawatoka mabegani mwao wale watatu. Kwenye vihamba vyetu vya mlimani watu waliopanda kahawa chini ya migomba wanaijua kazi ya namna hii: mgomba una ndizi zake zinazohesabika, lakini kivuli chake kinaonekana kwenye mbuni.

Ushahidi bora wa jambo hili ulikuwa umetokea mwaka mmoja kabla ya Durban, huko Adelaide, Australia, Novemba 2012, na nashangaa kwamba hautajwi mara kwa mara. Asubuhi ya siku ya kwanza Kallis alikabidhiwa mpira na katika ova tatu na mipira mitatu alipata wiketi mbili, mojawapo ya Ricky Ponting, ambaye mpira ulimpita akaanguka kwa mikono na magoti huku vijiti vyake vikiwa vimebomolewa. Australia ilikuwa imepoteza watu watatu kwa 55. Hapo msuli wa nyuma ya paja wa Kallis ukakatika, akatoka uwanjani.

Kilichofuata ni somo zima la uchaguzi wa timu. Hadi jioni Australia ilikuwa na 482 kwa wiketi tano, siku moja tu, Michael Clarke akiwa peke yake amevuka mia mbili. Mzigo uliobaki uliangukia kwa Imran Tahir, mrushaji wa mipira ya kuzunguka, ambaye kwa kawaida angetumiwa kwa vipindi vifupi huku watu wa kasi wakibana upande wa pili. Akalazimika kurusha na kurusha, na kufikia mwisho wa mechi alikuwa ametoa mikimbio 260 bila wiketi hata moja, matokeo mabaya kuliko ya mrushaji yeyote katika historia ya Testi. Watu walimcheka Tahir. Mimi nilipoisoma ile 260 nilimwona Kallis ndani yake, kwa sababu pengo lake ndilo lililoitengeneza.

Na bado hajamaliza. Mtu huyo aliyeumia, asiyeweza kukimbia, aliingia kupiga chini kabisa ya nafasi yake katika zamu ya kwanza akapata 58 kwa kuchechemea. Katika zamu ya pili, timu ikiwa inatakiwa kupata 430 au kukaa zaidi ya siku nzima bila kutolewa yote, akapata 46 huku akishikilia upande mmoja, na upande wa pili alikuwa kijana anayecheza Testi yake ya kwanza, Faf du Plessis, ambaye alikabili mipira 376 na kubaki na 110 bila kutolewa. Mechi ikaisha sare, Afrika Kusini ikiwa 248 kwa wiketi nane. Wiki iliyofuata walishinda Perth na kuuchukua mfululizo wote kwa ushindi huo mmoja. Ukizitafuta thamani za mechi ile kwenye jedwali la Kallis utapata wiketi mbili na mikimbio 104, mambo ya kawaida; lakini ndani ya mechi moja timu ilionja kuwa naye, kumkosa, na kumpata nusu.

Mfanyabiashara wetu, ambaye hadi hapo alikuwa anatazama wapigaji wa India kwa wasiwasi, aliingilia kati kwa hoja ambayo naiheshimu. Alisema kiraka wa kweli anajulikana kwa kuwa angechaguliwa kwa kazi yoyote kati ya mbili peke yake, na kwamba Kallis asingechaguliwa kamwe kama mrushaji tu, ilhali Kapil Dev, mwenye wiketi 434 na mikimbio 5,248, alikuwa mrushaji namba moja wa nchi yake na bado akawapigia. Kipimo hicho ni kikali na ni safi. Tatizo lake ni kwamba kinamfukuza hata Sobers, ambaye wiketi zake 235 zilimgharimu mikimbio 34 kila moja, na kipimo kinachomfukuza Sobers inabidi kirudishwe kwa fundi. Nadhani pia kinauliza swali la mchezaji akiwa peke yake, wakati kiraka, kwa tabia ya kazi yake, hana maana akiwa peke yake.

Huku kwetu jambo hili linaeleweka haraka zaidi kwenye soka. Erasto Nyoni, kwa miaka mingi Simba na Taifa Stars, alicheza beki wa pembeni, beki wa kati na kiungo, na mashabiki waliokuwa wanataja majina ya wafungaji walikuwa wanamtaja wa nane au wa tisa. Makocha waliomfundisha walimtaja mapema zaidi, kwa sababu wao ndio waliokuwa na benchi la kupanga. Kwenye timu yetu ya mwisho wa wiki pale Arusha, tunaocheza juu ya mkeka uliotandikwa kwenye saruji, hali ni kali kuliko hiyo: asipokuja yule mzee mmoja anayefungua kupiga na kufungua kurusha, nahodha anaanza kupiga simu kwa watu wawili, na mara nyingi hapati hata mmoja. Vijana wetu wa chini ya miaka 19, waliofuzu Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza mwaka 2025, wamekulia katika mazingira ya namna hiyo, ambapo kila mtoto hufundishwa kupiga na kurusha kwa sababu hakuna anayejua nani atakosekana Jumamosi.

Durban yenyewe ilikwenda kama ilivyotakiwa. Kallis alipata 115 katika mikimbio 500 ya timu yake, kwenye uwanja uleule wa Kingsmead alikoanzia Testi mwaka 1995, na ndani ya zamu hiyo akampita Rahul Dravid wa India kwa jumla ya mikimbio, 13,289 kwa 13,288. Mfanyabiashara aliuona mkimbio ule mmoja kuwa ni utovu wa adabu. Afrika Kusini ilishinda kwa wiketi kumi.

Miezi miwili haikupita kabla ya karatasi ya majina kuanza kuuma. Australia ilikuja Februari 2014, na kwa mechi ya Centurion wateuzi walijaribu kumweka kiraka mwingine, Ryan McLaren, kwenye nafasi ya saba. Mitchell Johnson akampiga kichwani kwa mpira wa kasi na kumtoa kwenye mechi iliyofuata, na timu ikashindwa kwa mikimbio 281. Port Elizabeth wakageuka, wakaongeza mpigaji, kijana Quinton de Kock akicheza Testi yake ya kwanza, na kubaki na warushaji wanne. Mmoja wao, Wayne Parnell, akaumia baada ya ova nane na mipira mitatu. Lazima nikiri, na mjomba hakuniruhusu nisahau, kwamba mechi hiyo walishinda, maana Steyn alirusha siku ya nne kama mtu aliyetumwa. Cape Town wakapigwa kwa mikimbio 245, wakapoteza mfululizo nyumbani, na Graeme Smith naye akastaafu. Angalia mpangilio: mechi ya kwanza walichagua pengo likae upande mmoja, ya pili wakalihamishia upande mwingine. Kulifunga hawakuweza.

Kallis alikuwa na nia ya kucheza Kombe la Dunia la mwaka 2015. Julai 2014 alikwenda Sri Lanka, akapata 0, 1 na 4 katika mechi tatu za siku moja, akajitazama, na akaacha kabisa. Huo nauhesabu kuwa uamuzi wa heshima, na mjomba anauhesabu kuwa ushahidi wake wa mwisho kwamba mtu hapaswi kukumbukwa kwa pengo tu, kwani mchezaji aliyezeeka huacha pengo hata akiwa bado yumo ndani ya timu.

Tuliendelea kubishana hivyo hadi Machi 2015, nusu fainali ya Auckland dhidi ya New Zealand, mechi iliyofupishwa na mvua hadi ova 43 kwa kila upande. Steyn, Morkel, Philander na Tahir walirusha karibu ova 35 kati yao. Nane zilizobaki, zile za mrushaji wa tano, nahodha AB de Villiers aligawana na JP Duminy: mikimbio 64, hakuna wiketi. Grant Elliott wa New Zealand alipiga mikimbio sita kwenye mpira wa pili kutoka mwisho, na Afrika Kusini ikatoka. Nilimpigia simu mjomba, shikamoo ikamalizika, nikamsomea zile ova nane. Alinyamaza kidogo, nikasikia kurasa za daftari, kisha akaniuliza kama mzee wa miaka 39, aliyetoka kupata 0, 1 na 4, angezirusha kwa mikimbio mingapi. Nikamwambia arobaini. Yeye akasema hamsini na tano, na hiyo hamsini na tano, tukiihesabu sote wawili kwa upande wa mashaka, bado ilikuwa inatosha kuwapeleka fainali.